Gia ya Kuteremkia: Tawasifu ya Msafirishaji wa Kemikali wa Nakuru

Usafirishaji wa kemikali katika Bonde la Ufa la kati unategemea mambo mawili ambayo miongozo ya usalama huyaeleza mbalimbali, ilhali barabarani hayatengani: hali ya shehena iliyomo ndani ya tangi, na mwinamo wa ardhi ambayo tangi hilo linapita. Lori linalotoka Nairobi huingia bondeni kwa kuteremka ukingo wa mashariki, ama kwa barabara ya Mai Mahiu iliyojengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ama kwa barabara ya juu inayopita Kinungi. Likishavuka Naivasha, Gilgil na Nakuru, hupanda tena kupitia Salgaa na Sachangwan hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na lirudipo hulazimika kuushuka mlima ule ule. Mwandishi wa tawasifu hii aliifanyia kazi njia hiyo tangu ujana wake, kwanza akiwa utingo, kisha dereva wa tangi, na hatimaye msimamizi wa usalama, naye ameshika kalamu baada ya kustaafu kwa sababu mabishano aliyoyaacha kazini yangali yanaendelea.

Habari za utotoni hazihitaji kurasa nyingi. Alizaliwa Elburgon katika nyumba ya wakulima wa pareto, zao ambalo maua yake yaliyokaushwa yalipelekwa Nakuru kukamuliwa dawa ya kuulia wadudu, na Kenya ilipata kuwa mzalishaji wake mkuu duniani. Ukamuaji huo hufanywa kwa hekseni, kiyeyusho kitokanacho na petroli, ambacho hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata penye baridi iliyo chini ya sifuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo haupandi juu ukapotea, bali hutambaa chini na kujaa mitaroni. Kijana aliyemaliza shule na kupata kibarua cha kupakua mapipa ya kiyeyusho cha namna hiyo alijifunza tabia ya mvuke kabla ya kujifunza kuendesha gari, na mpangilio huo wa elimu ndio anaoutetea hadi leo dhidi ya wale wanaoanza kwa leseni na kumalizia kwa kemikali.

Aliyemfundisha udereva alikuwa mzee mmoja mzaliwa wa Changamwe, mtu wa maneno machache, ambaye hakumruhusu kushika usukani mpaka alipoweza kueleza kwa nini tangi halijazwi pomoni. Petroli hutanuka kwa takriban sehemu moja katika elfu kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, kwa hiyo lita 30,000 zilizopakiwa alfajiri ya baridi na kupigwa jua la mchana lenye nyuzi 20 zaidi huongezeka kwa lita 600 hivi, nazo lazima zipate mahali pa kwenda. Tangi lililojazwa kupita kiasi kwa kimiminika cha gesi ndilo lililolipuka Los Alfaques, nchini Hispania, Julai 11, 1978, likaua watu zaidi ya 200 waliokuwa mapumzikoni kando ya bahari. Tangi la nusu nalo lina hatari yake, kwani shehena hukimbilia mbele dereva anapofunga breki na kwenda ubavuni anapokata kona, ndiyo maana matangi mengi hugawanywa kwa kuta za ndani zenye matundu zinazopunguza mwendo wa kimiminika. Mzee huyo alipima kwa kijiti, akasoma, akafuta kijiti kwa kitambaa, akapima tena, hata pale foleni nyuma yake ilipopiga honi na karani wa depo kumhimiza asaini.

Hata hivyo, somo lake kubwa lilihusu mteremko. Kanuni yake ilikuwa kwamba gia iliyohitajika kuupanda mlima ndiyo ya kuushukia, nayo huingizwa kileleni, kabla gurudumu la kwanza halijaanza kuinama. Sababu zake ni za kimakenika na hazina ubishi. Breki za ngoma hugeuza mwendo kuwa joto, na zikishapata joto jingi hupoteza uwezo wa kushika. Breki za upepo hutumia hewa iliyobanwa, nayo hupungua kila kanyagio linapobonyezwa na kuachiwa. Injini iliyo ndani ya gia ndogo hulizuia lori kwa nguvu zake yenyewe na wakati huohuo huizungusha kompresa kwa kasi ya kutosha kurudisha hewa. Lori likiachwa nyutro, hali ambayo madereva huiita fri, vyote viwili hupotea kwa pamoja: injini haizuii kitu, na kompresa huzunguka polepole wakati ambapo hewa inahitajika zaidi kuliko wakati wowote. Likishashika kasi, giaboksi haikubali tena kupokea gia. «Mwanangu,» alisema mzee, mkono wake ukiwa juu ya mkono wa mwanafunzi wake kwenye kishikio cha gia pale Mau Summit, «hapa ndipo breki inapokanyagwa. Huko chini ni kuomba Mungu tu.»

Juu ya kanuni hiyo mwandishi aligombana na tajiri mmoja wa malori, ambaye kampuni yake haitatajwa hapa. Ofisi ilimpa dereva kiasi maalumu cha dizeli kwa kila safari, kiasi kilichokatwa mwaka hadi mwaka, na aliyerudi na upungufu alikatwa mshahara. Madereva walijibu kwa kushuka fri Salgaa na Kinungi ili kufidia, na wengine ili kuuza kilichobaki. Mwandishi, wakati huo akiwa msimamizi wa usalama, aliandika barua akieleza kwamba katika injini za kisasa hesabu hiyo hata haina faida mteremkoni, maana lori linaloshuka ndani ya gia bila kukanyagwa mafuta hukatiwa dizeli kabisa na pampu yake, ilhali lililo fri huendelea kuchoma dizeli ya kuzungusha injini bure. Aliomba posho ya dizeli ikokotolewe kwa uzito wa shehena na urefu wa milima badala ya kilomita pekee. Alijibiwa kikaoni kwamba kazi yake ni kofia na viatu. Wako waliokaa kimya katika kikao kile ambao leo hulipwa kutoa semina za usalama, na semina hizo humlaumu dereva kuanzia asubuhi hadi jioni.

Januari 31, 2009, tangi la petroli lilipinduka Sachangwan, wananchi wakakusanyika kuchota, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Desemba 10, 2016, lori lililobeba shehena inayoshika moto lilishindwa kusimama Karai, karibu na Naivasha, likagonga magari mengine, na watu wapatao 40 wakafa, wakiwemo maafisa wa polisi. Baada ya Sachangwan, mengi yalisemwa kuhusu tamaa ya wachotaji. Mwandishi huyu anakataa msemo huo kwa hasira ambayo umri haujaipunguza. Waliokwenda na ndoo walikuwa majirani wa barabara, maskini wengi wao, na hakuna aliyekuwa amewafundisha kwamba mvuke ulikuwa umeshatambaa mtaroni miguuni mwao wakati petroli yenyewe ikimwagika mbali nao. Wala hawakufundishwa kwamba tangi tupu ambalo halijasafishwa laweza kulipuka kwa urahisi zaidi kuliko lililojaa, kwa kuwa ndani yake mvuke umechanganyika na hewa. Elimu hiyo ingetolewa katika kila shule na kila soko kuanzia Kinungi hadi Mau Summit kwa gharama ndogo sana.

Elimu hiyo ingeanza na bango la rangi ya chungwa linalopachikwa kwenye lori la kemikali, lenye upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 30, ambalo mfumo wake ulienea kupitia mkataba wa Ulaya uliotiwa saini Geneva Septemba 30, 1957. Namba ya juu hutaja hatari, na ya chini hutaja kitu chenyewe: 33 juu ya 1203 ni petroli, inayoshika moto kwa wepesi mno; na herufi X ikitangulia namba ya juu, maji yasimwagwe, kwa kuwa shehena hupambana nayo. Vijana wanaoingia kazini sasa wanazijua namba hizo kwa mtihani, lakini wengi hupachika bango la safari ya jana juu ya shehena ya leo, wakidhani ni pambo la kumridhisha askari. Wanapaswa kuelewa kwamba mzimamoto anayefika Salgaa usiku hana kitu kingine cha kusoma, na kwamba bango la uongo humtuma kwenye kifo chake. Wanapaswa pia kukataa safari ambayo dizeli yake haitoshi kushukia gia, na kukataa kwa maandishi, hata ikiwagharimu kibarua.

Mpango wa kupanua barabara kuanzia Rironi hadi Mau Summit ni wa kupongezwa, kwa sababu magari yanayokwenda pande tofauti hayatagongana tena uso kwa uso. Lakini njia pana haibadilishi joto la breki, na posho ya dizeli bado ni siri baina ya karani na dereva. Pendekezo lililokataliwa ofisini linarudiwa hapa likiwa na sharti moja zaidi: karatasi ya posho, yenye uzito wa shehena na lita zilizotolewa, iambatane na hati za kemikali, na mkaguzi kwenye mizani ya Gilgil awe na mamlaka ya kuisoma na kulizuia lori ambalo tajiri wake amelinyima mafuta ya kuteremkia.