Maji Safi Yafike Hadi Kikombeni

Nilipokuwa mdogo kule Busia, magharibi mwa Kenya, maji ya kunywa tuliyateka kwenye chemchemi iliyokuwa wazi. Ng'ombe walinywa papo hapo, na mvua za masika zilisomba kinyesi na takataka hadi kidimbwini. Mama na shangazi zangu walidamka kwenda kuteka kabla mifugo haijayavuruga, na yakionekana maangavu tuliyahesabu kuwa mazuri. Watoto walipoharisha, wazee walisema ni meno yanaota.

Katika miaka ya 2000 chemchemi nyingi za Busia zilijengewa, na yetu ikawamo. Mafundi walichimba hadi kwenye jicho la maji, wakajaza kokoto, wakafunika kwa saruji na udongo, wakaacha bomba tu litokeze ukutani. Tukaamini shida imekwisha.

Mwanauchumi Michael Kremer, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2019, na wenzake walizifuatilia chemchemi za namna hiyo wilayani kwetu. Bombani, vijidudu vya kinyesi vilipungua kwa takriban asilimia 66. Majumbani, vilipungua kwa asilimia 24 tu.

Aliyewahi kukaa jikoni kwa nyanya ataelewa sababu. Mtungi wa udongo ulikaa kwenye kona yenye ubaridi, umefunikwa sahani ya bati, na juu yake kikombe kimoja cha wote. Aliyetoka malishoni alikichovya, na aliyetoka kumsafisha mtoto alikichovya, vidole vikizama pamoja nacho. Maji yaliyotoka bombani yakiwa safi yalichafuliwa hapo.

Klorini ya chupa iliuzwa madukani, lakini ni wachache walioikumbuka wakati pesa ya unga na sukari ilikuwa ya kubahatisha. Mambo yalibadilika dawa ilipoletwa palepale tunapoteka, bila malipo, kwenye tangi dogo la buluu. Ukizungusha kishikio mara moja zinatoka mililita 3, kipimo cha jerikeni ya lita 20. Unakinga dawa, unajaza maji, na baada ya nusu saa yanafaa kunywewa. Klorini hubaki ndani ya maji, ikiendelea kuua vijidudu vinavyoingia nyumbani. Promota aliyechaguliwa na wanakijiji ndiye hujaza tangi na kumwelekeza mama mgeni. Nyumbani nako tukajifunza kumimina badala ya kuchovya.

Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila Mkenya haki ya maji safi na salama, ya kutosha. Kaunti zetu hupenda kuzindua visima, na visima tunavihitaji. Lakini bajeti ya maji isiyo na fungu la klorini na la promota humwacha mtoto katikati ya njia. Mradi wa maji upimwe kwa kile anachokunywa mtoto nyumbani.