Andika Uliloliona

Liko kosa moja tulilolifanya tungali wanafunzi mjini Bukavu, nasi hatulisahau hata leo.

Mwalimu wetu wa sayansi alitugawa watatu watatu, akatuamuru kuchemsha maji na kuandika joto lake kila dakika. Tuliwasha taa ya spiriti, tukatia kipimajoto ndani ya maji, tukangoja. Joto likapanda: 40, 60, 80, 90. Maji yalipotokota kwa nguvu, kipimajoto kilisimama katika digrii 95. Tukauzidisha moto, bado 95. Tukatazamana. Kitabu chetu kilisema ya kuwa maji huchemka kwa digrii 100. Basi tukakisadiki kitabu, tukayakana macho yetu, tukaandika 100 kwa wino mzuri.

Kesho yake mwalimu alizisoma taarifa zetu, kisha akauliza kwa upole: “Nani kati yenu aliyeiona hiyo 100?” Hakuna aliyeinua mkono. Ndipo akatueleza. Bukavu iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,500 hivi. Huku juu hewa ni nyepesi, haiyagandamizi maji kama kule pwani. Kwa hiyo maji huchemka kabla ya kufika 100. Mama zetu walilijua jambo hili jikoni pasipo kipimajoto: maharagi ya milimani huchelewa kuiva, hata maji yakitokota namna gani. Anders Celsius mwenyewe, aliyetunga kipimo chake mwaka 1742, alijua kwamba joto la kuchemka hufuata mgandamizo wa hewa. Nasi tulikuwa tumeishika kweli hiyo mkononi, tukaitupa!

Tangu siku ile tulijifunza kuandika taarifa ya jaribio kwa utaratibu huu. Kwanza, kusudi: twataka kujua nini? Pili, vyombo vyote tulivyotumia, na kiasi cha maji. Tatu, kazi ilivyofanyika, hatua kwa hatua, hata mtu asiyekuwapo aweze kuirudia. Nne, tuliyoyaona: dakika katika safu moja, digrii katika safu ya pili, yameandikwa papo hapo, si jioni kwa kukumbuka. Ukikosea, pitisha mstari mmoja juu ya kosa, usilifute. Labda halikuwa kosa. Tano, maelezo: hapa ndipo kitabu kinapoingia. Ikiwa hesabu yako haipatani na ya kitabu, usiibadili, tafuta sababu. Je, kipimajoto kiligusa chini ya chombo? Je, ulikisoma jicho likiwa sawa na alama? Je, mji wako uko mlimani? Mwisho, neno moja au mawili ya kujibu lile kusudi la kwanza, bila kuongeza jambo ambalo jaribio halikulionyesha.

Labda mtu atasema: “Digrii tano ni kitu gani?” Ndugu, mtoto anayezoea kubadili hesabu shuleni, kesho atakuwa muuguzi, naye ataandika homa ya mgonjwa. Akiandika 37 kwa sababu ndiyo iliyotazamiwa, na kipimajoto kinasema 40, mgonjwa huyo atapata dawa gani?

Nanyi wazazi, hata ikiwa hamkusoma sayansi, mwaweza kumsaidia mwana wenu. Akileta daftari lake nyumbani, mwulizeni neno moja tu: “Hili uliliona mwenyewe?” Wahenga walisema: Mwenye macho haambiwi tazama. Sisi tuliambiwa tazama, tukatazama, kisha tukaandika tusiloliona. Mwalimu alitupa sufuri kwa ajili ya ile 100, akatupa na maji mengine tuyachemshe upya. Safari hii tuliandika 95, na hakuna hata mmoja aliyeona haya.