Kukataza Si Kulinda



Mwezi wa Julai, mwaka 2023, nilikwenda Geneva, nchi ya Uswisi, kumzuru mwanangu anayefanya kazi huko. Usiku wa pili, baada ya chakula, alinivuta pembeni akaniambia: "Baba, huyu mjukuu wako anataka kwenda milimani upande wa Ufaransa na wenzake wawili, wateremke kwa baiskeli katika njia za mawe na mizizi. Mimi roho yangu haitaki. Wewe ukisema neno atalisikia. Nakuomba umkataze."

Nilimjibu kwamba kwanza nitamsikiliza kijana mwenyewe, kwani mwenye kuhukumu kwa maneno ya upande mmoja hudhulumu.

Kijana, umri wake miaka 19, akaja akaketi mkekani pangu. Alinieleza kuwa katika milima ya Alpi, kwenye miji kama Morzine na Les Gets, wakati wa baridi watu huteleza juu ya theluji, na kwa ajili yao zimejengwa lifti za waya, yaani vigari na viti vinavyoning'inia hewani na kuwachukua watu mpaka juu. Theluji ikisha kuyeyuka, baadhi ya lifti hizo hufanya kazi tangu Juni mpaka Septemba kwa watu wa baiskeli. Mtu huketi kitini, baiskeli yake hutundikwa kwenye kulabu, wakapanda wote bila ya jasho. Mahali hapo panaitwa Portes du Soleil, vituo 12 vya Ufaransa na Uswisi vilivyoungana, hata mtu aweza kuanza asubuhi nchi hii na adhuhuri ikamkuta nchi ya pili. Mashindano ya dunia ya baiskeli za mlimani yalifanywa hapo Les Gets mwaka 2004, na tena mwaka 2022.

Nikamwuliza, "Basi taabu iko wapi?"

"Iko katika kuteremka, Babu."

Nikacheka, maana wazee wetu walikwisha sema, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Anayepanda mlima kwa miguu yake, pumzi yake humwambia nguvu zimebaki kiasi gani. Ama huyu anayepandishwa na waya, hufika juu amepumzika miguu, akarudia mara ya saba na ya nane, hali ya kuwa mikono inayobana breki imekwisha kuchoka naye hana habari.

Neno la kukataza lilikuwa limekwisha fika ulimini mwangu. Nikakumbuka jambo la mwaka 1993.

Mwanangu huyu huyu, wakati huo ana miaka 16, aliniomba ruhusa kwenda mashindano ya ngalawa. Nikasema hapana. Sikumwuliza ngalawa ya nani, nahodha nani, wala watarudi saa ngapi. Alinyamaza, nami nikadhani kunyamaza ni kutii. Siku ile jua likachwa naye hajarudi. Tulimtafuta msikitini, uwanja wa mpira, na kwa shangazi yake. Hakuna aliyekwenda kutazama baharini, kwa sababu baharini nilikwisha kataza. Kumbe ngalawa ilikuwa imepinduka, nao wameishikilia ubavuni mpaka usiku, wakaokolewa na wavuvi waliokuwa wakipita. Alivunjika mfupa wa bega. Lakini linaloniuma mpaka leo si kwamba alikwenda. Linaloniuma ni kwamba hatukujua pa kumtafuta.

Nikamgeukia baba wa kijana: "Lau siku ile ningekukataza mara mbili, ungebaki nyumbani?"

Akainamisha kichwa. Kwa miaka 30 hatukuwa tumelizungumza jambo lile. Kisha akaondoka, akarudi na daftari na kalamu.

Tuliketi watu watatu tukapanga. Njia za huko hutambulishwa kwa rangi: kijani ni nyepesi, kisha buluu, kisha nyekundu, na nyeusi ndiyo ngumu kupita zote. Tukaandika: siku ya kwanza kijani na buluu tu, wenzake wakicheka na wacheke. Tukaandika kofia ngumu yenye kufunika mpaka kidevu, na kinga za magoti, viwiko na mgongo. Mwanangu aliisoma karatasi ya bima neno kwa neno, ajue kama baiskeli na uokoaji wa milimani vimo. Tukaandika koti, kwani kila ukipanda mita 1000 joto hupungua kiasi cha digrii sita, na mvua za radi za kiangazi aghlabu huja alasiri, na radi ikija lifti husimamishwa.

Jambo la lifti ya mwisho ndilo lililotushughulisha zaidi. Sisi watu wa pwani hupima siku kwa jua. Huko, mwezi wa Julai, jua huchwa baada ya saa tatu za usiku, lakini lifti hufungwa jua lingali juu. Atakayedanganywa na mwanga hubaki bonde lisilo lake, pengine na nchi isiyo yake, na hapana wa kumpandisha. Basi tukaandika saa ya mwisho ya kila lifti, na sharti la kugeuka saa nzima kabla yake. Nakala ya daftari ikabaki nyumbani.

Siku ya kwanza mimi na mwanangu tulifuatana naye. Tulipanda kwa vigari vya waya vya Pléney kutoka Morzine. Juu, kijana alinibusu mkono, akaomba dua, akateremka. Mwanangu alinishika mkono kwa nguvu, jambo ambalo hakulifanya tangu utotoni.

Jioni tulimkuta chini, matope mpaka masikioni, kiwiko kimechubuka kidogo. Akasema, "Babu, wenzangu walinishawishi tupite nyekundu. Nimeiacha, mikono ilikuwa imechoka."

Ndugu zangu wazazi, wako watoto wetu wanaotaka bahari, na wako wanaotaka pikipiki. Yako mambo ya haramu ambayo hapana budi kuyakataza. Ama katika yale ya halali yenye hatari, kabla hujasema hapana, mwite mwanao, chukua kalamu, umwulize atapita wapi na atarudi saa ngapi.