Jiwe la Leo Si Lile Tulilolizoea

Ikiwa ulikulia katika nyumba yenye redio ya mawe, bila shaka unakumbuka jinsi mawe yale yalivyotunzwa. Yalipoanza kuchoka, na sauti ya mtangazaji ikawa kama ya mtu aliye kisimani, yalitolewa yakaanikwa juani juu ya bati, na jioni yakarudishwa ili taarifa ya habari isitupite. Wapo walioyauma kwa meno, na wapo walioyatoboa kwa msumari wakayatilia maji ya chumvi. Mapya yalichanganywa na makuukuu. Lililokufa kabisa alipewa mtoto achezee. Mawe yale ya zinki na kaboni, yenye volti 1.5 kila moja, yaliyavumilia hayo yote. Ubaya wake mkubwa ulikuwa kuvuja na kuilia redio.

Nayataja haya kwa sababu mazoea hayo tungali nayo, ilhali jiwe lenyewe limebadilika. Ndani ya tochi za kuchaji, ndani ya pawabenki na feni ndogo za mezani, na ndani ya sigara za kielektroniki ambazo vijana wetu huziita vepu, mna betri ya lithiamu. Ile ya duara iliyoenea kuliko zote huitwa 18650, yaani upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Sifuri ya mwisho huonyesha umbo la mche duara. Ukiitazama utadhani ni ndugu wa jiwe la tochi la zamani. Lakini ikijaa huwa na volti 4.2, na ndani yake mna kimiminiko kinachoshika moto.

Kampuni ya Sony ilianza kuuza betri za lithiamu za kuchaji mwaka 1991, na mwaka 2019 wanasayansi watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya kemia kwa kazi iliyozizaa. Simu uliyo nayo mfukoni ni tunda la kazi hiyo. Hata hivyo, simu ina sakiti inayoilinda betri yake isijazwe kupita kiasi wala kutoa umeme mwingi mno. Betri inayouzwa peke yake, ikiwa imevikwa ganda la plastiki tu, aghalabu haina mlinzi huyo.

Mimi ni fundi wa redio na vyombo vidogo vya umeme. Mpwa wangu alinijia siku moja na vepu yake, bomba la chuma lisilo na sakiti yoyote ya ulinzi, akitaka nimtafutie betri yenye nguvu zaidi. Alinipa shikamoo huku akitoa mfukoni betri ya akiba, imechanganyika na funguo na sarafu. Kabla sijaitika marahaba nilikuwa nimekwisha kuipokonya. Akashangaa, maana kwake kile kilikuwa kijiwe tu.

Kwa nini nilifanya vile? Betri hiyo imeundwa kwa tepe mbili ndefu, moja ya shaba na moja ya alumini, zilizopakwa kemikali na kuviringishwa pamoja kama mkeka. Kinachozitenganisha ni utando mwembamba wa plastiki. Sasa angalia nje. Kichwa chake ni chanya, lakini kopo lake lote la chuma ni hasi, kuanzia kitako, ubavuni, hadi kwenye bega lililo karibu kabisa na kichwa. Kinachozuia viwili hivyo kukutana ni lile ganda la rangi, jembamba kama ngozi ya kitunguu, na kiduara cha karatasi chini yake. Ufunguo mmoja ukilaza ncha kichwani na ubavu begani palipochubuka, umeme wote hupita hapo kwa mkupuo. Betri hupata joto, utando wa ndani huyeyuka, na tangu hapo joto huzaa joto lenyewe kwa lenyewe mpaka ipasuke au itoe moto.

Haya yamekwisha kuhesabiwa. Idara ya zimamoto ya serikali kuu ya Marekani ilitoa taarifa mwaka 2017 ikieleza matukio 195 ya sigara za kielektroniki kulipuka au kuwaka nchini humo kati ya mwaka 2009 na 2016. Matukio 61 kati ya hayo yalitokea mfukoni. Baadaye, Mei 2018 huko Florida na Januari 2019 huko Texas, watu wawili walifariki baada ya vyombo vyao kulipuka. Mwaka 2021 tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa iliwaonya wananchi wasinunue betri za 18650 zinazouzwa mojamoja, maana hutengenezwa ili zifungwe kiwandani ndani ya vyombo vyenye ulinzi.

Mpwa wangu alijitetea kwamba betri yake ni ya daraja la juu, kwa kuwa imeandikwa 9,900. Hapo ndipo wengi hunaswa. Namba ile ni ya milliampea kwa saa, na betri za 18650 za viwanda vinavyoaminika aghalabu huishia karibu 3,500. Iliyoandikwa maradufu ya hapo imeandikwa uongo, na aliyedanganya juu ya ujazo hatasita kudanganya juu ya mengine. Ipime katika mizani ya dukani: iliyo halisi huwa na uzito wa karibu gramu 45 au zaidi kidogo, na ya bandia mara nyingi huwa nyepesi.

Tena ujazo mkubwa si nguvu ya kutoa umeme. Waya wa vepu yake ulikuwa na ukinzani wa omu 0.2. Gawanya volti 4.2 kwa 0.2 upate ampea 21. Betri nyingi zenye ujazo mkubwa hazikuundwa kutoa hata nusu ya hiyo mfululizo. Nilimwandikia hesabu hiyo kwenye gamba la sigara, sigara ya kawaida, ambayo nayo siisifu. Na nikotini ni ile ile. Aliondoka amenuna, na betri yake ikabaki kwangu.

Linaloniogofya zaidi ni usiku. Wengi wetu tumepanga chumba kimoja. Soketi iko karibu na kitanda, na vyombo huchajiwa juu ya godoro, ndani ya chandarua, watoto wakiwa wamelala. Tafadhali, chaji ukiwa macho, juu ya sakafu ya saruji au sahani ya udongo, mbali na pazia, na kwa chaja iliyokuja na chombo chenyewe. Betri iliyovimba, iliyobonyea, iliyoloa maji au iliyochubuka ganda isichajiwe tena. Kama chombo kinatumia mbili, ziwe za aina moja, zilizonunuliwa pamoja na kutumika pamoja. Ya akiba ikae ndani ya kikasha chake cha plastiki. Usiianike juani, wala usiitoboe, maana msumari ulioliamsha jiwe la baba utaiwasha hii papo hapo.

Ikianza kufuka moshi, usiishike. Toa watu kwanza, kwani moshi wake ni sumu. Zima umeme kwenye swichi kuu ukiweza kuifikia bila hatari. Kisha, kama moto ungali mdogo, mwaga maji mengi ili kuipoza, maana inaweza kuwaka tena baada ya kuonekana imezimika. Aliyeungua apelekwe hospitali hata kama jeraha ni dogo, kwa sababu kemikali huendelea kula ngozi.

Na iliyokufa usimpe mtoto, wala usiitupe katika jalala linalochomwa moto nyuma ya nyumba. Ziba ncha zake mbili kwa utepe wa mafundi umeme, iweke katika kopo kavu la plastiki, mahali pasipo na jua, kisha muulize fundi wako kama anawajua wakusanyaji wa taka za kielektroniki. Ile ya mpwa wangu ingali katika kopo langu pamoja na nyingine kumi na moja.