Mabua ya Mpunga na Tundu la Ubavuni

Kijana aliyezaliwa Ifakara katika miaka ya 2000, ambaye amekua akiona makundi ya ng'ombe yakivuka barabara iendayo Lupiro na maziwa mgando yakiuzwa mjini, huchukulia kwamba bonde la Kilombero lilikuwa la wafugaji tangu kale, na akielezwa kuwa babu zake walimfahamu zaidi mbogo na sheshe, swala wa mbugani ambaye wengi wa jamii yake duniani waliishi katika bonde hilo, husikiliza kwa adabu bila kuamini. Kwa kijana wa mtaani jambo hilo linasameheka. Linaloudhi ni kulikuta kwa wahitimu wa sayansi ya wanyama, yaani elimu ya kulisha, kuzalisha na kutunza mifugo, ambayo ni tofauti na utabibu wa mifugo unaoshughulikia maradhi yao.

Bonde lilikosa ng'ombe kwa sababu ya mbung'o, nzi mnyonya damu anayeambukiza nagana, ugonjwa unaomkondesha ng'ombe hadi kumwua, na kwa hiyo Wandamba, wenyeji wa bonde, waliishi kwa samaki, mpunga, kuku na bata. Hata utafiti ulioanza Ifakara, pale Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alipoanzisha maabara mwaka 1957, ulihusu wadudu zaidi kuliko mifugo: mbung'o mwenyewe, mbu, na papasi, yule kupe laini ajifichaye katika sakafu za udongo na kuwaambukiza watu homa inayokwenda na kurudi.

Aliyetaka kumsoma ng'ombe alilazimika kwenda Morogoro, kwenye chuo cha kilimo kilichoanza mwaka 1965, kikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, na mwaka 1984 kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo; tarehe hizo zinawafaa waandishi wa hotuba za mahafali, kwani waliosoma huko katika miaka ya 1980 hukumbuka harufu kuliko tarehe. Harufu hiyo ilitoka katika rumeni, chumba kikubwa cha kwanza kati ya vinne vya tumbo la ng'ombe, na ilimfikia mwanafunzi kupitia tundu lililotobolewa kwa upasuaji ubavuni mwa maksai na kuzibwa kwa kizibo cha mpira, ambacho kilipofunguliwa mnyama mwenyewe aliendelea kutafuna kana kwamba hayamhusu. Ilikuwa harufu ya joto na kali, yenye uchachu wa togwa iliyopitiliza siku zake. Iliingia katika koti jeupe, chini ya kucha na katika nywele, ikamfuata mwanafunzi hadi kwenye foleni ya bwalo, ambako wenzake wa misitu walimpisha upesi kuliko walivyompisha mhadhiri, na haikuondoka kwa sabuni ya siku hizo, ilipopatikana. Ndani ya tundu hilo vilitumbukizwa vifuko vya nailoni vyenye malisho yaliyopimwa, na vilipotolewa baada ya saa 12, 24 au 48, vikaoshwa na kukaushwa, uzito uliopungua ulionyesha kiasi ambacho bakteria na vijidudu wengine wa rumeni walikuwa wamekimeng'enya.

Miongoni mwa malisho hayo yalikuwamo mabua ya mpunga, ambayo mwanafunzi wa Kilombero aliyajua kuwa takataka za kuchomwa moto baada ya mavuno. Alifundishwa kwamba mabua ni magumu na yana protini kidogo, lakini kilo 100 zikinyunyiziwa kilo 4 au 5 za urea iliyoyeyushwa katika maji, kisha zikafunikwa zisipate hewa kwa wiki 3 hivi, amonia inayotoka katika urea hulegeza nyuzi zake, na ng'ombe hula zaidi na kumeng'enya vizuri zaidi. Somo lilikuwa la maana, isipokuwa kwamba lilihusu chakula cha mnyama ambaye kwao alikuwa nadra, na aliporudi likizo aliukuta moshi wa mabua ukiendelea kufuka mashambani.

Baadaye ng'ombe walikuja bila kuwasubiri wataalamu. Wamasai, Wasukuma na Wabarabaig waliingia bondeni na mifugo yao, vichaka vikafyekwa, dawa za nagana zikauzwa madukani, bonde likatambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2002 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, mifugo mingi ikaondolewa kwa operesheni ya mwaka 2012, na mwaka 2018 likazinduliwa daraja lililochukua nafasi ya kivuko cha mto Kilombero. Masomo nayo yamebadilika: madarasa yamejaa, rumeni huonyeshwa kwa projekta, na mhitimu anaweza kuyataja majina ya Kilatini ya bakteria bila kuwahi kutia mkono wanamoishi. Ni kweli kwamba anajua jenetiki kuliko waliomtangulia, na hakuna sababu ya kumtakia uvundo kwa ajili ya uvundo tu. Lakini ng'ombe sasa wapo, mabua yapo, na bado wakulima wa sehemu nyingi huyachoma, au huyaacha yawe chanzo cha ugomvi kati ya mwenye shamba na mchungaji aliyeingiza kundi kabla mavuno hayajaisha. Urea inapatikana Ifakara kwa mifuko ya kilo 50, na karibu yote huishia kukuzia mpunga.