Barua kwa Mpwa Wangu Juu ya Hesabu za Asubuhi

Kwa mpwa wangu mpenzi, Mwalimu wa Darasa la Tatu,

Barua uliyotuletea huku Tanga yenye habari za shule yako mpya imesomwa barazani mbele ya jamaa wote, kila mmoja akakuombea dua. Mimi nimelishika zaidi lile ulilouliza mwishoni, ya kwamba mwalimu mkuu amewaagiza muwafanyishe wanafunzi hesabu kila siku asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza, kwamba baadhi ya wenzako wamelipokea agizo hilo kuwa ni taklifa iliyoongezwa juu ya taklifa, na kwamba wewe mwenyewe hujui ulitii kwa moyo au kwa mkono tu. Swali kama hilo halistahili jibu la maneno mawili, nami niliyetumia umri wangu mbele ya ubao naona ni haki yako nikujibu kwa urefu.

Rai yangu ni kwamba agizo ni jema, lakini wema wake wote umo katika namna litakavyotekelezwa. Zoezi la asubuhi ni la kumkumbusha mtoto aliyokwisha kufundishwa, wala si la kumhukumu kwa asiyoyajua, na siku litakapogeuka kuwa mahakama, basi afadhali watoto waachwe wafagie uwanja.

Pengine utajiuliza kuna haja gani ya kurudia kila siku mambo madogo kama 6 mara 4, ilhali silabasi ni ndefu na muhula ni mfupi. Mtazame mwanafunzi wa madarasa ya juu aliyepewa kujumlisha 3/8 na 5/6, yaani thumuni tatu na sudusi tano. Kanuni yenyewe si ngumu, na mwalimu hodari aweza kuieleza katika kipindi kimoja cha dakika 40: zitafutie asili zote mbili kigawe kidogo cha shirika, ambacho hapa ni 24, gawanya 24 kwa 8 upate 3, na 3 mara 3 ni 9, gawanya 24 kwa 6 upate 4, na 4 mara 5 ni 20, kisha 9 na 20 ni 29, na jibu ni moja kamili na 5/24. Mtoto ambaye vitendo hivyo vidogo humjia bila kuviita hufuatana na mwalimu tangu mwanzo hata mwisho, akawa na nafasi ya kujiuliza kwa nini asili hutafutiwa shirika na viasi havitafutiwi. Lakini yule ambaye kwa kila hatua hana budi kuchora vijiti ukingoni mwa daftari na kuvihesabu kimoja kimoja, huifikia hatua ya tatu akiwa amekwisha kuisahau ya kwanza, akatoka darasani akiamini kuwa sehemu zimemshinda na kwamba akili yake haikuumbwa kwa hisabati, kumbe lililomshinda ni jedwali la kuzidisha, ambalo lilistahili kukaa kifuani mwake tangu alipokuwa katika darasa unalolifundisha wewe leo. Nimewaona watoto wengi wa namna hiyo, na huzuni yangu juu yao haijaniondoka, kwa sababu aghalabu walikuwa na fahamu njema.

Kwa hiyo usiwasikilize sana wanaosema kuwa kukariri ni adui wa kufahamu. Kweli, mtoto asikaririshwe asichokielewa: kabla ya kuambiwa 3 mara 4 ni 12, na apange vizibo vya soda mezani, mistari mitatu ya vizibo vinne vinne, avihesabu, kisha aizunguke meza avione kuwa ni mistari minne ya vitatu vitatu na idadi ni ile ile. Lakini akisha kufahamu hivyo, ni lazima jambo lile litoke vidoleni liingie moyoni, maana moyo uliohifadhi madogo ndio unaopata wasaa wa kuyawaza makubwa.

Nao mzigo wa kuhifadhi ni mwepesi kuliko uonekanavyo kwenye chati ya ukutani. Jedwali la 1 hata 10 lina majibu 100. Lakini kwa kuwa 3 mara 7 na 7 mara 3 ni mamoja, yabaki 55 ya kujifunza. Toa yenye 1, 2, 5 na 10, ambayo watoto huyazoea upesi kwa kuhesabu kwa mafungu, yabaki 21 tu. Katika hayo, sita ni ya 9, nayo yana alama yake, maana tarakimu za jibu zikijumlishwa huwa 9 sikuzote: 27, 36, 54, 63, 72, 81. Basi yanayotaka jasho la kweli ni 15, na miongoni mwake 6 mara 7, 6 mara 8 na 7 mara 8 ndiyo sugu kupita yote. Ukiwapa watoto wako mawili mapya kila juma, na kila asubuhi ukayarudia ya nyuma, jedwali lote litakuwa limeingia kabla muhula haujamalizika. Waonyeshe watoto wenyewe hesabu hii ya 100 kushuka hadi 15. Utaona nyuso zao zinavyokunjuka.

Sasa nije kwenye neno kila siku, kwa sababu wapo walimu wanaosema, mbona tusikusanye mazoezi yote Ijumaa tukayamaliza kwa saa nzima? Mjerumani Hermann Ebbinghaus, katika kitabu juu ya kumbukumbu alichokichapisha mwaka 1885, alieleza jinsi alivyojijaribu nafsi yake kwa kujifunza silabi zisizo na maana yoyote, akaona kwamba mengi aliyojifunza yalimtoka mapema, katika saa na siku za mwanzo, kisha kusahau kukapunguza mwendo; akaona tena kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa yalimfaa kuliko marudio yaliyorundikwa siku moja. Nawe hukuhitaji kwenda Ujerumani kulijua hilo, maana ulisoma chuoni hapa mtaani, ambapo mtoto hafunguliwi aya mpya mpaka amedurusu za jana na za juzi, na yule anayedurusu kidogo kila alfajiri humpita mbali anayekesha usiku mmoja kabla ya kusikilizwa. Hesabu nazo ni hivyo hivyo.

Huko Ujapani, mwaka 1954, mwalimu wa hisabati wa sekondari aitwaye Toru Kumon alianza kumwandikia mwanawe wa darasa la pili karatasi za hesabu za kufanya kila siku nyumbani, na kutokana na karatasi hizo ukazaliwa mtindo wa mazoezi uliokwisha kuenea katika nchi nyingi. Jambo lililonipendeza katika mtindo ule, nami nakuusia ulichukue, ni kwamba mtoto haanzishwi pale darasa lake linapomtaka awe, bali pale anapoweza kupata majibu kwa urahisi, kisha hupandishwa kidogo kidogo. Watu wengi hutunga zoezi la asubuhi kana kwamba ni mtego, wakaweka swali gumu juu kabisa ya ubao ili waone nani atanaswa. Wewe fanya kinyume. Watoto wako wengine wametembea mwendo mrefu, na wengine hawakupata hata chai. Maswali ya kwanza yawe ya kuwapokea, kila mmoja aandike angalau majibu manne sahihi kabla hajakutana na la kumsumbua. Maswali kumi yatosha, na robo saa yatosha: mengi yawe ya kale, machache ya juma lililopita, na la mwisho liwe fumbo moja la maneno lenye kutaka fikra, la sokoni au la baharini, ambalo si lazima walimalize.

Jedwali kuimbwa kwa pamoja sikukatazi, maana sauti husaidia kukumbuka na watoto hufurahi. Lakini usidanganyike na wimbo. Wapo wanaoimba vizuri tangu 7 mara 1, na ukimuuliza mmoja wao 7 mara 8 hana njia ya kufika ila aanze tena mwanzo wa wimbo, na wapo wanaofungua kinywa tu wakafuata sauti za wenzao. Baada ya wimbo uliza kwa kuruka, juu, chini, katikati, na uulize kwa kugeuza: 56 ni 7 mara ngapi?

Nimefika mahali ninapotaka unisikilize kuliko pote. Unasema darasa lako lina watoto wengi kiasi kwamba daftari zao zikipangwa mezani zinakufunika uso, na ya kuwa huwezi kusahihisha zote kila siku. Usisahihishe zote. Waache wabadilishane daftari wawili wawili, majibu yasomwe kwa sauti, vema na kosa viwekwe nao wenyewe. Nawe kazi yako iwe kupita kati ya madawati na kuyasoma makosa, kwa sababu kosa la mtoto mara nyingi lina sababu yake, na anayeijua sababu hutibu kwa neno moja ugonjwa ambao fimbo haiutibu kwa mwaka mzima. Mtoto aliyeandika kuwa 52 kutoa 27 ni 35 hakubahatisha: aliona 2 haitoi 7, akageuza akatoa 2 katika 7, kwa kuwa aliambiwa siku moja kwamba ndogo hutolewa katika kubwa; huyo apewe vijiti, mafungu matano ya kumi kumi na viwili pembeni, afungue fungu moja kwa mkono wake mwenyewe, ajue maana ya kuazima. Aliyeandika mia tatu na nne kuwa 3004 ameandika sawasawa alivyosikia, 300 kisha 4, na anachokosa ni nafasi za mamia, makumi na mamoja. Aliyejibu kuwa 7 mara 8 ni 54 amechukua jibu la 6 mara 9, jirani yake, na huyo hahitaji maelezo, ahitaji kukutana nalo tena kesho na kesho kutwa. Watoto watatu wamekosa, na dawa zao ni tatu mbalimbali. Mwalimu anayewapa wote viboko viwili viwili hakumtibu hata mmoja.

Na kwa kuwa nimeitaja fimbo, nakuomba, mwanangu, isiingie katika robo saa hiyo abadan. Mtoto anayengoja kupigwa kwa kila kosa hujifunza haraka kunakili kwa jirani, kuficha daftari, au kuumwa tumbo kila asubuhi. Na hofu ikisha kushikana na hesabu katika moyo wa mtoto wa miaka tisa, wewe utahamishwa, naye atabaki nayo mpaka uzeeni. Vilevile uangalie desturi ya kuwapa waliochelewa adhabu ya kufyeka majani wakati wenzao wamo katika zoezi. Wanaochelewa aghalabu ndio wanaotoka mbali na ndio wanaolihitaji zoezi kupita wote, na adhabu hiyo huwanyima kila siku kile kile kilichowapungukia. Zungumza na mwalimu mkuu kwa adabu, umwombe adhabu hiyo, kama haina budi, ihamishiwe wakati mwingine.

Wasichana nao usiwasahau. Mwalimu akiuliza swali la hesabu, jicho lake hukimbilia kwa mvulana aliyenyoosha mkono kwa kelele, hata kama mwalimu mwenyewe ni mwanamke. Uliza kwa zamu, na umpe anayefikiri muda wa kufikiri kabla hujamhamishia mwingine.

Ukiweza kuwashawishi wenzako, washawishi kwa jambo moja: desturi hii isiwe ya madarasa ya mtihani peke yake. Shule nyingi huyakumbuka mazoezi ya asubuhi darasa la nne likikaribia upimaji na la saba likikaribia kumaliza, zikaita watoto kabla jua halijachomoza, zikataka kujenga kwa miezi michache msingi uliokosekana kwa miaka. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza kutumika mwaka 2015 uliweka mbele Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na waliouandika walikuwa na haki: anayeingia darasa la tatu bila kuhesabu atalipa deni hilo katika kila darasa linalofuata. Darasa lako la tatu ndilo mlango ambapo deni bado ni dogo na lalipika.

Basi anza Jumatatu, hata kama hakuna mwingine aliyeanza, na usiache siku ya mvua wala siku ya wageni wa ukaguzi. Weka daftari dogo la kuandika makosa yaliyorudi mara nyingi, na muhula ukiisha niandikie yaliyopungua na yaliyosalia, tuyatazame pamoja, maana hilo lanifurahisha kuliko zawadi yoyote utakayonunua huko. Mama yako anakuuliza kama umepata chandarua, na watoto wa hapa wanakusalimu sana.

Wasalaam,
Mjomba wako akupendaye.