Fungu la Matembele Guangzhou

Mwezi Machi mwaka 2017 nilikuwa na miaka 31, shahada ya mawasiliano, uzoefu wa miaka sita wa kazi ya uhariri na meza yangu mwenyewe karibu na dirisha. Mwezi Julai mwaka huohuo nilikuwa nimesimama sokoni Guangzhou, kusini mwa China, nimeshika fungu la matembele ambalo sikuwa na uwezo wa kulilipia. Mpenzi msomaji, kama mwenzi wako amepata kazi nje ya nchi na anakwambia "twende wote, tutajipanga hukohuko", hebu soma kwanza hapa kabla hujaandika ile barua ya kuacha kazi.

Mume wangu ni mhandisi. Kampuni moja ya vifaa vya umeme ilimpa mkataba wa miaka miwili, na sisi tulikuwa na mwaka mmoja na nusu tu ndani ya ndoa. Ndugu walishangilia. Mashoga zangu waliniandikia orodha ya viatu na mikoba, maana Guangzhou kila Mtanzania anaijua hata kama hajafika, mzigo mwingi wa Kariakoo unatokea huko. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza, "Sasa wewe utakuwa unafanya nini?" Na kwa kweli, hata mimi sikujiuliza.

Viza ya mke wa fulani

Mwenye kazi anapewa viza ya Z. Anayemfuata kwa muda mrefu anapewa S1, na ili uipate unapeleka cheti cha ndoa kilichopitishwa Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi wa China. Ukifika, ndani ya saa 24 unajiandikisha polisi, na ndani ya siku 30 unaomba kibali cha kuishi. Hayo yote tulifanya vizuri, tukajipongeza.

Kilichonichoma ni kitu kimoja: S1 haikuruhusu kufanya kazi. Si kazi ya ofisini tu, hata kufundisha watoto Kiingereza kwa malipo ya mkononi hairuhusiwi. Sheria yao inatoza faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa kubwa unaweza kuwekwa ndani siku tano hadi 15. Mwanzoni nilichukulia kama likizo. Wiki ya kwanza nikalala mpaka saa nne. Wiki ya pili nikapanga kabati. Wiki ya tatu nikalipanga tena.

Tulikaa ghorofa ya 17 wilaya ya Tianhe, kwenye jengo ambalo lifti yake haikuwa na namba 4, kwa sababu kwa Kichina neno "nne" linakaribiana sana na neno "kufa". Tulifika wakati wa kile wanachokiita huinantian, majira ya unyevu ambapo kuta za nyumba zinatoka jasho kabisa, maji yanachuruzika kwenye vigae na nguo hazikauki. Viatu vyangu vya ofisini, vile vya kisigino nilivyovipenda, viliota ukungu kabatini. Nilivifuta nikiwa nalia, na sikujua nalilia viatu au nini.

Mchana ndio ulikuwa mrefu. China iko mbele yetu kwa saa tano, kwa hiyo saa nne asubuhi, nikiwa na hamu ya kupiga soga, Dar ni saa kumi na moja alfajiri na kila mtu amelala. Facebook, Instagram na Google hazifunguki kwa njia ya kawaida, na Septemba mwaka huo WhatsApp nayo ikafungwa. Nikimpata mama anaitazama sura yangu kwenye simu, anasema, "Mbona umeng'aa hivyo mwanangu? Si raha tupu hiyo!" Utamwambia nini?

Siku ya matembele

Sasa ngoja nikwambie kuhusu matembele. Watu wa Guangzhou wanakula majani ya viazi vitamu, yaleyale yetu. Wanayakaanga harakaharaka kwa kitunguu saumu. Siku niliyoyaona sokoni nilikaribia kumkumbatia muuzaji. Unga wa mahindi nilishaupata, wa njano na laini kuliko wetu, na tui la nazi la kopo limejaa madukani. Nikaona leo mume wangu anakula chakula cha nyumbani.

Mama wa watu akanipimia jin mbili, yaani kilo moja, akafunga vizuri, akanionyesha ile alama ya mraba ya kuskani kwa simu. Pale kila mtu analipa kwa WeChat au Alipay, hadi muuza viazi vya kuchoma. Lakini pochi ya simu ilihitaji akaunti ya benki, na akaunti tuliyokuwa nayo ilikuwa ya mume wangu. Mimi nilikuwa naachiwa pesa taslimu mezani kila asubuhi. Nikafungua pochi: tupu. Siku hiyo alisahau.

Nikampigia. Akapokea kwa sauti ya chini. "Niko kikaoni, mke wangu. Si ungenikumbusha asubuhi?"

Si ungenikumbusha. Mimi niliyekuwa nalipa nusu ya kodi ya nyumba Sinza, niliyemlipia mdogo wangu ada ya chuo, ndiye nilitakiwa kukumbusha nipewe hela ya mboga. Nikarudisha fungu mezani. Yule mama akanisukumia tena, akaniashiria nichukue tu, nitalipa kesho. Nikakataa, nikaondoka. Usiku ule tulikula wali na mayai kimyakimya, na mwenzangu alipolala niliangalia nauli ya kurudi Dar. Kwenda tu, bila kurudi.

Kikao cha jikoni

Siku tatu baadaye akaona ile nauli kwenye kompyuta. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha jikoni akauliza, "Unaondoka?"

Nikamwambia ukweli. Kwamba hajanitukana wala hajaninyima kitu, ila tangu tufike sijaamua jambo lolote linalozidi chakula cha jioni. Kwamba mimi si mgeni wake wala si mtoto wake. Nikamwambia kila fomu niliyojaza kule, sehemu ya kazi niliandika "hakuna".

Naye akasema ya kwake. Kwamba yuko kwenye miezi ya majaribio, bosi hamsemeshi, anarudi amechoka mbaya, na akinikuta nimenuna anaogopa kuuliza kwa sababu jibu analijua. "Nilidhani nikileta mshahara nimemaliza," alisema. Tulizungumza hadi saa nane usiku. Ndugu zangu, tulikuwa hatujazungumza hivyo tangu enzi za uchumba.

Tulitoka na makubaliano matatu. Kwanza, nifungue akaunti yangu mwenyewe, na siku ya mshahara kiasi tulichokubaliana kihamie kwangu bila kuombwa na bila kuulizwa kimetumikaje. Tulikubaliana kwamba hii si zawadi: mimi nimeacha mshahara wangu ili yeye apate wake, kwa hiyo ni hesabu ya nyumba. Pili, Jumamosi mimi ndiye kiongozi wa safari mjini, yeye anafuata. Tatu, ifikapo Januari tukae tena mezani, na kama bado nazama, turudi nyumbani bila mtu kumlaumu mwenzake.

Jumatatu nilikwenda benki na pasipoti na kibali changu. Jumanne nikaenda sokoni, nikaskani ile alama, simu ikalia, mama wa matembele akacheka. Sijawahi kufurahia kutumia hela namna ile.

Jiji likaanza kunijua

Ili niongoze Jumamosi, ilibidi katikati ya wiki nikapeleleze. Nikapanda treni ya chini ya ardhi, laini namba 5, nikashuka Xiaobei. Nilipotokea juu nikasikia mtu anabishana bei kwa Kiswahili cha pwani! Xiaobei ndiko Waafrika wengi walikoweka biashara zao, kuna mizigo inafungwa kwenye masanduku, kuna wasusi, kuna pilau. Dada mmoja wa Tanga aliniambia, "Wewe shoga, ulikuwa unajifungia ghorofani unamngoja nani?"

Jumapili tulianza kwenda kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, lililojengwa kwa mawe kati ya mwaka 1863 na 1888, ambako kuna misa ya Kiingereza na Waafrika wanajaa. Jumamosi tulizunguka bustani ya Yuexiu, tukapanda mlima Baiyun, tukala asubuhi kama wenyeji wanavyokula: chai bila sukari, vikapu vidogo vya maandazi ya mvuke yenye kamba ndani, na uji wa mchele ambao mume wangu aliapa ni uji wa wagonjwa, mpaka alipoongeza bakuli la tatu.

Jirani yetu, mama mtu mzima wa ghorofa ya tisa, alikuwa anacheza na wenzake kila jioni uwanjani chini ya jengo. Muziki kwenye spika, wanawake arobaini wamejipanga mistari. Jioni moja akanishika mkono akanivuta. Nikasimama mstari wa nyuma, nikakosea kila hatua, hakuna aliyejali. Nilimwita ayi, ambalo wao humwita mama mdogo na pia mwanamke yeyote wa umri wa mama yako. Kwetu si ndivyo hivyohivyo? Ayi ndiye aliyenifundisha kwamba Kichina ni sauti. Neno mai ukilishusha kisha ukalipandisha ni kununua, ukilitamka kwa kushuka ghafla ni kuuza. Mimi miezi minne yote nilikuwa nazunguka sokoni nawatangazia watu kwamba nauza nyanya.

Mume wake, mzee wa miaka sabini na kitu, aliposikia natoka Tanzania alisema maneno mawili, "Tan-Zan tielu", akainua kidole gumba. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Watu wa rika lake wengi wanaikumbuka. Kwa mara ya kwanza pale Guangzhou nilikuwa mtu wa mahali fulani, si mke wa fulani.

Januari 2018 tulikaa mezani kama tulivyoahidiana. Nikasema tubaki.

Kabla hujafunga begi

Kama safari inakuja nyumbani kwako, haya ndiyo ningependa niambiwe mapema:

Ulizeni viza ya anayefuata inaruhusu nini, na mulijue jibu wote wawili kabla ya kusaini mkataba.

Zungumzeni hela kabla ya ndege. Siku hizi WeChat na Alipay zinakubali kadi za Visa na Mastercard za nje, hilo limerahisishwa tangu mwaka 2023, lakini kadi hiyo iwe na jina lako.

Mfundishe mama yako kutumia WeChat ukiwa bado nyumbani. Wangu alifundishwa na mdogo wangu kwa simu, na ilichukua wiki mbili za ugomvi.

Pangeni tarehe ya kutathmini. Mtu anavumilia vizuri zaidi akijua lini ataulizwa.

Tulirudi Dar mwezi Machi mwaka 2019. Mimi nilipata kazi ndani ya mwezi mmoja. Mume wangu alikaa miezi mitano bila kazi, na safari hii yeye ndiye aliyepanga kabati mara mbili. Mshahara wangu wa kwanza ulipoingia, nikahamisha kiasi kwenda kwake kabla sijatoka ofisini. Hakuniomba, na sikumuuliza ametumiaje. Jioni nilipofika nyumbani nilikuta amekwenda soko la Mabibo, amepika ugali na matembele ya nazi.

Matembele yalikuwa yamezidi chumvi. Nikala, nikaongeza.